VX 100 imelala nyuma, fundi anataka kung'oa AHC yote. Naombeni ushauri wakuu

MkulimaIringa
Habari za jioni wakuu. Nina Land Cruiser VX 100 ya mwaka 2001, injini 1HD-FTE, ile yenye AHC, yaani mfumo wa oili na pampu wa kupandisha na kushusha gari kwa swichi. Nimeinunua kwa mtu miezi minane iliyopita. Mashine haina neno, inapanda mlima Kitonga bila kulalamika. Shida ni mgongo.

Mwezi uliopita ilianza kulala nyuma. Siyo kidogo, ukiitazama ubavuni imekaa kama mbwa anayesubiri mfupa, pua juu, makalio chini. Nikibonyeza kupandisha kwenda H (juu), pampu inalia sekunde kadhaa, mbele inainuka kidogo, nyuma haina habari. Halafu taa ya AHC OFF inaanza kuwakawaka na mchezo unaishia hapo. Nikizima nikawasha, hali ni ile ile.

Jambo la pili, imekuwa ngumu. Matuta ya Ipogolo nayaruka kama niko kwenye mkokoteni. Hata ile swichi ya kuchagua laini au ngumu, niizungushe nisiizungushe, mgongo wangu hauoni tofauti.

Nimempelekea fundi. Ameinama, ameangalia, kasema AHC imekufa, tuing'oe tufunge shokabu za kawaida, milioni 3 na laki 2. Akaongeza na oili kwenye kile kitangi. Jana asubuhi nimekuta oili imemwagika chini, nikachoka kabisa. Je, nikubali ing'olewe au kuna njia? Na mwenye kujua, hiyo oili inavujia wapi?

Spana12
Sisi wenye IST tunapita tu. Gari yangu ikilala nyuma ujue nimebeba mama mkwe na mizigo yake.

Kijiti
Mkuu ng'oa. Mimi yangu niling'oa 2019, nikafunga springi na shokabu, nikaisahau. AHC ni ugonjwa wa matajiri. Ukianza kuifukuzia utauza shamba.

MzeeWaChesisi
Kijana, usikimbilie kung'oa kitu ambacho hakijapimwa. Huyo fundi hajakuambia ugonjwa, amekuambia bei.

Kwanza elewa gari lako linavyosimama. Mbele una toshenbaa, yaani nondo za chuma zinazojisokota badala ya springi, nyuma una springi za koili. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Kinachobaki kinabebwa na presha ya oili iliyo ndani ya shokabu, na kila gurudumu lina tufe lake la chuma. Ndani ya tufe mna utando, upande mmoja gesi ya naitrojeni, upande mwingine oili. Ile gesi ndiyo ulaini wenyewe. Pampu kazi yake ni kuongeza au kupunguza oili ili gari lipande au lishuke, na kompyuta inajua urefu wa gari kutoka kwenye sensa tatu: mbili mbele, moja tu nyuma.

Kwa hiyo una malalamiko mawili, na yanaweza kuwa na vyanzo viwili. Kulala ni habari ya sensa, presha au springi. Ugumu mara nyingi ni habari ya matufe. Usiyachanganye, utatibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Nijibu haya:
Gari likiwa N (kimo cha kawaida), sehemu tambarare, pima kutoka katikati ya kikombe cha tairi kwenda juu hadi ukingo wa mdiga (madigadi). Mbele iwe kama sentimita 50, nyuma kama 52. Pima pande zote nne.
Springi za nyuma ni za umri gani? Huwa unabeba nini?
Na hiyo oili aliyoongeza fundi, kopo lake limeandikwaje? Aliiongeza gari likiwa juu au chini?

MkulimaIringa
Shikamoo mzee, asante sana. Nimepima kwa futi ya fundi cherehani, ndiyo iliyokuwa karibu. Mbele kushoto 51, kulia 50 na nusu. Nyuma 45 pande zote mbili.

Springi nadhani ni zile zile za kutoka Japani. Nabeba viazi, viroba sita hadi nane, siyo kila siku. Na ina keria ya chuma juu aliyoiweka mwenye gari wa kwanza, nzito, watu wawili ndiyo wanaishusha.

Oili nimempigia fundi, kasema "ya breki hiyo hiyo, haidroliki ni haidroliki". Kopo nimeliona, DOT 3. Aliijaza hadi mdomoni wakati mbele imeinuka.

MzeeWaChesisi
Marahaba. Sasa sikiliza, na usiwashe gari tena mpaka umalize kusoma.

Oili ya breki haiingii humo. AHC inatumia oili yake yenyewe ya Toyota, kopo lina namba 08886-01805, ujazo lita 2.5. Ile ni ya jamii ya madini, DOT 3 ni kitu kingine kabisa, na raba za ndani zilizozoea moja zinavimba zikikutana na nyingine. Nyonya kilichomo kwenye kitangi kwa bomba kubwa la sindano, yote.

Hilo la kumwagika, huenda halina uvujaji wowote. Gari likiinuka, oili inatoka kwenye kitangi kwenda kwenye shokabu, kitangi kinaonekana kitupu. Mtu akijaza hapo, gari likishuka oili inarudi na haina pa kukaa. Inatapika. Ukaguzi wa oili unafanyika gari likiwa N, siyo vinginevyo. Safari hii kutapika kumekusaidia, maana sehemu ya DOT 3 imetoka yenyewe.

NakuruBoss
Sasa ndugu, mimi niko Nakuru na nina hiyo hundred pia. Nyuma sawasawa pande zote mbili, 45 na 45? Basi angalia sensa ya nyuma kabla hujanunua chochote. Nyuma iko moja tu, kwa hivyo ikidanganya inadanganya pande zote. Yangu fimbo yake ya kuiunganisha na ekseli ilikuwa imetoka kwa ile bol jointi, gari ikalala vile vile. Nilikuwa nimeshaitishwa pesa ya pampu.

Lakini tafadhali, usiingie chini bila stendi. Bonyeza AHC OFF kwanza, zima injini, weka stendi kwa chesisi. Hii gari inaweza kushuka bila kukupigia hodi.

MzeeWaChesisi
Nakuru amesema neno. Na hata kupiga jeki tu barabarani, AHC OFF kwanza, ama kompyuta itadhani gari limepaa na kuanza kulishusha.

MkulimaIringa
Wakuu. Nimeingia chini leo saa nne na tochi ya simu. Sensa ya nyuma imefungwa kwenye chesisi, ina mkono mdogo kama wa saa, na ule mkono unatakiwa uungane na ekseli kwa kifimbo. Kifimbo hakipo. Kuna WAYA WA KUFUNGIA NONDO. Umezungushwa mara tatu, mwisho wake umepindwa kwa koleo, na umeshika kutu ya muda mrefu, siyo wa jana. Aliyeniuzia alikuwa anajua.

Waya ni mfupi, umeuvuta ule mkono chini kabisa. Nikiukata mkono unacheza huru.

NakuruBoss
Hahaha pole sana. Umepata mchawi.

MzeeWaChesisi
Hapo ndipo penye ugonjwa. Gari likiinuka kutoka kwenye ekseli, kifimbo kinavuta mkono wa sensa chini. Waya mfupi umeuvuta chini siku zote, kompyuta inasoma "nyuma iko juu mno", inatoa oili. Inaendelea kutoa mpaka springi peke yake zinabeba. Ukibonyeza H inaona hesabu haziendani, inawasha taa na kujitoa. Kompyuta imekuwa ikitii uongo kwa uaminifu.

Kwa kuwa gari limeanza kulala mwezi uliopita tu na waya ni wa zamani, nadhani waya ulikuwa unashikilia sawa halafu ukapinda au ukasogea. Tafuta kifimbo chake, hata cha gari lililokatwa. Usitengeneze cha nondo kwa kukisia, milimita chache pale ni sentimita kwenye mdiga. Na fungua plagi ya sensa, isafishe, zile pini huota ukungu wa kijani.

Kijiti
Sawa, lakini ugumu bado upo. Atatengeneza sensa, kesho matufe, keshokutwa pampu. Mimi nasema bado ang'oe.

MzeeWaChesisi
Kijiti, wewe ulipong'oa ulibadilisha toshenbaa?

Kijiti
Hapana, shokabu na springi za nyuma tu.

MzeeWaChesisi
Na mbele ukaikaza ile bolti ya toshenbaa mpaka mwisho, na gari bado linainamia mbele ukifunga breki. Toshenbaa za gari lenye AHC ni laini kuliko za gari lisilo nayo, kwa sababu zilitarajia oili isaidie kubeba. Ukitoa oili ukaacha toshenbaa zile zile, umemwondoa mbebaji mmoja na mzigo umebaki. Anayeng'oa ang'oe kikamilifu: toshenbaa, springi, shokabu, vyote vya gari la kawaida. Ndiyo maana bei ya kweli ya kung'oa haiko kwenye milioni 3 za yule fundi.

Kijiti
Hapo umenipata. Linainama kweli.

MkulimaIringa
Mrejesho. Kifimbo kimepatikana Gerezani, Dar, kimekuja na basi juzi. Kimetoka kwenye gari lililopinduka, lakini bol jointi zake mbili ziko ngumu vizuri. Kukifunga dakika ishirini, kazi kubwa ilikuwa kufungua bolti ya zamani. Plagi ilikuwa na ule ukungu kama mzee alivyosema, nimeipiga mswaki na spirito.

Nimebadilisha oili yote pia. Kwa wanaotaka kujua: stendi chini ya chesisi, gari L (chini), injini imezimwa, mpira wa plastiki angavu kwenye niplo ya kutolea oili, mwisho wake kwenye chupa ya maji. Nilifungua ya kwanza kizembe, ikapiga kwa presha mpaka chupa ikaruka. Ya pili nilifungua robo mzunguko. Iliyotoka ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyolala. Unafunga, unajaza kitangi, unawasha pampu ijaze, unazima, unarudia. Magurudumu manne na niplo ya tufe la kwenye pampu. Makopo mawili yamekwenda.

Matokeo: nyuma 51 na nusu. H inapanda, L inashuka, taa imezima. Mke wangu kasema gari limesimama kama mtu aliyelipwa mshahara.

Swali moja. Nikiwa H nikaanza kutembea, likifika kilomita 30 kwa saa hivi linashuka lenyewe. Hiyo nayo ni shida?

NakuruBoss
Hapana, hiyo ndiyo imeundwa hivyo. H ni ya matope na mawe, si ya lami.

MzeeWaChesisi
Hongera. Sasa tushughulikie ugumu. Gari likiwa sehemu tambarare, injini inawaka, weka L, subiri litulie, soma mstari wa oili kwenye kitangi. Kina mistari midogo ubavuni. Kisha weka H, subiri, soma tena. Hesabu mistari iliyoshuka. Matufe yenye afya hufika kama 14. Ikiwa 7 au chini ya hapo, gesi imekwisha.

MkulimaIringa
Nimehesabu mara tatu na mtoto akishika tochi. Sita. Mara moja sita na kitu.

MzeeWaChesisi
Basi matufe yamechoka, na sishangai. Springi za miaka zaidi ya ishirini, keria ya chuma, viazi: springi zikilegea, presha ya oili inapanda ili kujazia, na matufe yanafanya kazi yakiwa yamebanwa. Ukifunga matufe mapya juu ya springi zilizolegea utayaua na hayo.

Nenda kwa mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya Toyota akupe presha za mbele na nyuma. Mbele lengo ni megapaskali 6.9 hivi, na huko unarekebisha kwa toshenbaa. Nyuma ikikutwa iko juu sana, dawa ni springi mpya au pete za kuinulia springi zilizopo. Ukishaweka presha sawa, ndipo ununue matufe. Kwa jozi: mawili ya nyuma pamoja, mawili ya mbele pamoja. Tufe moja jipya na moja bovu kwenye ekseli moja utalisikia kwenye kona.

Na keria hiyo ishushe leo.

Spana12
Nilikuja kucheka nimetoka na elimu. Kumbe gari lina matufe.

MkulimaIringa
Keria imeshuka, majirani wameigeuza kitalu cha miche ya nyanya. Presha nimesomewa: mbele 7.3, nyuma 7.9. Springi za nyuma nimeagiza. Matufe mawili ya nyuma baada ya mavuno, ya mbele mwakani Mungu akipenda. Kwa sasa viazi vinapanda Fuso ya jirani.

Kama mnajiuliza DOT 3 imeleta madhara gani: nimekagua nondo za shokabu zote nne kila asubuhi kwa wiki mbili, ziko kavu. Nitaendelea kukagua. Yule fundi nimemwonyesha kopo sahihi, kalipiga picha.

Waya nimeuhifadhi kwenye droo ya dashibodi. Aliyeniuzia gari huwa namkuta msikitini Ijumaa.