Mfanyakazi bora wa Mei Mosi analeta minuno kiwandani, nifanyeje?

SupavaizaMoro:
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mawazo maana hili jambo linaniumiza kichwa na bosi anataka jibu langu wiki ijayo. Mimi ni supavaiza kwenye kiwanda cha unga hapa Morogoro, tuko watu sitini na kitu, kuna wa kukoboa, wa kinu, wa kushona mifuko, wapakiaji, madereva, halafu ofisi. Kila Mei Mosi tunatoa mfanyakazi bora kama wengine wote hapa Bongo, cheti cha fremu na bahasha, tunaenda uwanjani na fulana zetu na bango, jina linaitwa, makofi, picha, basi.

Sasa mwaka huu kapata mhasibu, mwaka jana alipata mhasibu huyohuyo, mwaka juzi dada wa mapokezi. Si kwamba hawafanyi kazi, wanafanya sana, ila jina linatoka ofisini na sisi wa chini tunalisikia siku hiyohiyo uwanjani. Na mwezi wa 3 kuna opareta wangu wa zamu ya usiku alisikia beringi ya kinu inalia tofauti, saa 8 usiku, akazima mashine mwenyewe akanipigia simu, fundi alipofungua akakuta beringi imekwisha kabisa, ingeenda nusu saa tu shafti ingekatika na tungelala wiki nzima bila kusaga. Hakuna aliyemwambia hata ahsante. Na mimi nimo, kesho yake nilimuuliza mbona mifuko ya usiku ni michache. Tangu Mei Mosi ipite huyu kijana kabadilika, ikifika saa 12 asubuhi kashavua ovaroli, mashine ikilia hasemi kitu.

Bosi anataka tuanzishe mfanyakazi bora wa kila mwezi pamoja na tuzo ya mahudhurio, yaani asiyechelewa mwezi mzima anaingia kwenye bahati nasibu ya elfu 50. Mimi naogopa minuno ya mara moja kwa mwaka itakuwa ya mara 12. Waliowahi kufanya hivi iliwasaidia?

MstaafuWaUzi:
Kijana wangu mimi nimesimama kwenye mashine za kiwanda cha nguo miaka 19, nakwambia huyo opareta wako hadai cheti. Anadai ile siku ya mwezi wa 3. Nenda kwake, usimwite ofisini, nenda palepale kwenye kinu wenzake wakiwepo, na usimwambie "unafanya kazi nzuri" kwa sababu hilo hata mgeni anaweza kusema, taja beringi, taja saa 8 usiku, taja kwamba ulimuuliza habari ya mifuko na ulikosea. Halafu muulize alijuaje.

Hilo la mwisho usilisahau. Mimi siku moja nilisimamisha mashine kwa sababu ya harufu, mkanda ulikuwa unaanza kuungua, injinia mkuu akashuka mwenyewe akaniuliza "ulijuaje?" akakaa kwenye ndoo akasikiliza mpaka mwisho. Nimepata vyeti vitatu katika maisha yangu ya kazi na sijui viko wapi, ila ile ndoo naiona mpaka leo.

TakwimuNaWatu:
Hilo la mahudhurio kaka likatae kabisa, sio kwa hisia, limeshapimwa. Kuna kampuni ya kufua nguo huko Marekani ina viwanda kadhaa, kimojawapo kikaanzisha karibu kilekile anachotaka bosi wako, ukimaliza mwezi bila kukosa kazi bila ruhusa wala kuchelewa unaingia kwenye droo ya zawadi. Watafiti Gubler, Larkin na Pierce wakafuatilia na kuchapisha mwaka 2016. Uchelewaji ulipungua kidogo kweli, lakini watu wakaanza kucheza nayo, mtu akiona anachelewa anapiga simu anaumwa ili rekodi isiharibike, na akishaharibu mara moja mwezi ule hajali tena. Kibaya zaidi ni wale waliokuwa wanawahi siku zote bila kuahidiwa chochote, hao ndio uzalishaji wao ulishuka, maana walikuwa wanawahi kwa heshima yao na sasa wanaona aliyekuwa anachelewa ndiye anayevutwa kwa zawadi. Kwa ujumla kiwanda kilipoteza asilimia 1.4 ya uzalishaji, yaani walitoa zawadi ili wapate hasara. Na kwenu pale wanaowahi kila siku nadhani ni hao wa usiku na wapakiaji.

KatibuWaTawi:
Naomba niwe tofauti kidogo. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi na haya mambo ya kupongezana nimeyaona yakitumika kufunika madeni. Kabla hujamwendea na maneno matamu angalia kwanza analipwa vizuri? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na ovataimu ni mara moja na nusu. Hiyo sio tuzo, ni haki yake. Mtu unayemdai usingizi wake halafu humlipi nyongeza, ukimpigia makofi anakuona unamdhihaki, na anakuwa sahihi.

SupavaizaMoro:
Mzee wangu shikamoo, nimekusoma mara tatu. Katibu nimekwenda kuangalia leo, nyongeza ya usiku ipo ila ovataimu ya mwezi wa 4 kuna watu 7 hawajalipwa na yeye yumo. Nimempelekea mhasibu orodha, kasema zinaingia na mshahara huu. Sikuwa najua, nilidhani ni mnuno wa cheti tu.

DadaNakuru:
Salamu kutoka Kenya. Nakubaliana na Katibu pesa yake ilipwe kwanza, lakini usiache hapo ukadhani pesa imemaliza. Kule Lusaka, Zambia, kina Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack walifanya jaribio na wenye saluni na vinyozi waliokuwa wanauza kondomu za kike kwa bei nafuu kuzuia Ukimwi, walilitoa 2014. Wengine walipewa kamisheni kubwa, wengine ndogo, wengine hawakupewa kitu, na wengine kwa kila pakiti waliyouza walibandikiwa nyota kwenye bango lililotundikwa ndani ya saluni. Wa nyota waliuza karibu mara mbili ya wengine, hata wale wa kamisheni kubwa hawakuwafikia.

Sasa angalia ile nyota ilikuwa wapi. Ilikuwa mbele ya wateja wake, majirani, watu ambao yeye anajali watamwonaje, na kila mtu alijua imepatikanaje. Ya kwenu inatolewa uwanjani mbele ya watu wasiojua kinu ni nini, na hakuna anayejua ofisi ilihesabu nini. Kwa hoteli nafanya kazi tuliacha uongozi kuchagua, kila zamu inamtaja mtu wake na lazima iandikwe alifanya nini na lini, bila tendo jina halipandi kwa ubao. Wa jikoni wameanza kuwataja wa kufua mashuka, kitu sikuwa nimewahi kuona.

Mpakiaji_88:
Mwongezee hapo dada, sio kila mtu anapenda kuitwa mbele. Mimi nilitajwa siku moja kwenye kikao, wiki nzima wenzangu wananiita kipenzi cha bosi. Afadhali angeniambia pembeni. Uliza mtu kwanza.

SupavaizaMoro:
Wakuu narudi na mrejesho. Jana niliingia saa 5 usiku ingawa haikuwa zamu yangu. Nilimuuliza kwanza kama naweza kusema mbele ya wenzake, akainua tu mabega akasema sawa. Nikasema yote, na kosa langu. Kimya. Nikamuuliza ulijuaje, hapo ndipo alipofunguka, kumbe beringi ikiwa nzima inanguruma sauti moja, ikianza kuchoka inapiga kama mluzi mdogo ukiwa umesimama upande wa pumba, ukisimama upande wa unga husikii kitu. Hata fundi wetu alikuwa hajui. Vibarua wawili wakasogea kusikiliza, nimewapanga nao zamu zake mwezi huu awafundishe, na nimemwambia bosi aongezewe posho ya ufundishaji maana hiyo ni kazi juu ya kazi.

Bosi mahudhurio kayafuta baada ya kumsomea habari ya wale wa kufua. La kila mwezi bado hajaamua, ila kakubali Mei Mosi ijayo jina litoke kwenye zamu. Dada Nakuru kama una picha ya hiyo karatasi mnayojaza naomba uiweke hapa, kwetu baadhi hawaandiki vizuri kwa hiyo nafikiria wataje kwa mdomo mimi niandike.