Naomba ushauri: Bronkoskopi haikuona saratani, lakini uvimbe upo

Habari zenu wakuu. Mama ana uvimbe wa sentimita 2 pembezoni mwa pafu la kulia. Kwenye picha ya CT unaonekana wazi, kingo zake zimechongoka. Amefanyiwa bronkoskopi (kipimo cha kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia za hewa hadi mapafuni), vinyama vikachukuliwa, majibu yakasema hakuna seli za saratani. Sijatulia kabisa, maana kamera haifiki kwenye vijia vidogo vya hewa kule pembeni, na kinyama kikichukuliwa kando ya uvimbe jibu hilo halituhakikishii kitu. Daktari anataka kurudia kwa ultrasaundi ndogo inayopitishwa ndani ya kamera, mtaalamu wa seli akikagua sampuli palepale. Njia nyingine ni sindano ya kupitia kifuani, ila hiyo huweza kuvujisha hewa ya pafu. Mliopitia haya, na madaktari mliomo, mngeanza na ipi?