Kisu cha mkate kilichokwisha meno: je, kinaweza kurudishiwa makali?

Mwokaji wa Mwanga (Kigoma)
Ndugu zangu, nina kisu cha mkate chenye meno, cha chuma kisichoshika kutu, ambacho nimekitumia miaka mingi kukatia mikate ya kibanda changu cha chai. Watoto walikichukua wakakatia samaki wakavu aina ya migebuka, mifupa ikavunja ncha za meno mawili ya katikati, na sasa kinaufikicha mkate badala ya kuukata. Fundi anayenoa kwa jiwe la baiskeli alikilaza ubavu mzima juu ya jiwe, na meno yakazidi kufupika. Nimekizoea kisu hiki na sitaki kukitupa. Je, naweza kukinoa mwenyewe bila kuyamaliza meno yaliyobaki?

Seremala wa Isevya (Tabora)
Pole sana, dada. Tafadhali usikirudishe kwenye jiwe linalozunguka, kwa sababu linakula chuma kingi kwa mara moja, haliingii katika mabonde yaliyo kati ya jino na jino, na likikipasha kisu moto hadi kikageuka rangi ya samawati, mahali hapo hapatashika makali tena.

Kitazame kwenye mwanga. Visu vingi vya mkate vimechongwa mteremko upande mmoja tu, na upande wa pili ni bapa. Wewe fanyia kazi upande wenye mteremko. Tafuta kijiti cha mviringo kinachoenea ndani ya bonde, kizungushie msasa namba 400, kisha sukuma kutoka upande wa mgongo kuelekea kwenye makali, ili makali yasiupasue msasa. Ukitaka kujua kama umeshika pembe sawasawa, paka mteremko wino wa kalamu nzito na usugue mara mbili: wino ukibaki kwenye makali, umekilaza kijiti mno, na ukitoka kwenye makali peke yake, umekiinua mno. Endelea bonde moja moja mpaka kidole kihisi ukwaru mwembamba upande wa bapa, kisha rudia kwa msasa namba 1000. Ukwaru huo uondoe kwa kukilaza kisu bapa kabisa juu ya kinoo laini na kukipitisha mara moja au mbili, bila kukandamiza.

Mpishi wa Ujiji
Naafikiana na seremala, ila msasa hautaotesha ncha zilizovunjika. Yaache hayo meno mawili yabaki mafupi. Ncha ndizo zinazogonga ubao na kuchakaa mapema, ilhali mabonde hukingwa nazo, kwa hiyo huenda ukakuta ndani bado kuna makali mazuri. Kama meno yangekuwa yamelala yote, ningekushauri uyasawazishe kwa tupa kiwe kisu cha kawaida cha kukatia nyanya, ingawa mkate wenye ganda gumu hautakipenda.

Mwokaji wa Mwanga (Kigoma)
Nawashukuru sana. Jana usiku nilizungushia penseli msasa, nikaanza na mabonde matatu ya karibu na mpini, na ukwaru nikauhisi baada ya kusukuma kama mara kumi kwa kila bonde. Asubuhi sehemu hiyo ililipasua ganda la mkate bila kuukandamiza, wakati katikati bado panafikicha. Nimebakiza mabonde 19, na leo jioni naendelea.