Mnaowaleta wazazi Marekani, waambieni ukweli: bila gari hawatoki ndani

Wakuu, nina hasira na leo sipunguzi maneno.

Kila mtu akiuliza maisha ya Marekani yakoje, anajibiwa mshahara, vibali na kodi ya nyumba. Hakuna anayemwambia kwamba katika miji mingi ya nchi hii mtu asiye na gari hawezi hata kwenda kununua chumvi. Naishi Houston, kusini magharibi, kwenye nyumba za kupanga zilizojaa Wakongo, Watanzania na watu wa Amerika ya Kati. Supamaketi iko ng'ambo ya barabara, ukisimama getini unasoma bango lake. Lakini barabara yenyewe ni ya njia nane, magari yanakimbia, na kivuko chenye taa kiko mbali kiasi kwamba kwenda na kurudi ni karibu nusu saa juani, na jua la Texas mwezi wa saba mnalijua. Njia ya waenda kwa miguu inaanzia mbele ya benki, ikifika kiwanja kinachofuata inakatika. Unakanyaga majani, unaruka mtaro, unajikuta kwenye lami. Inakatika kwa sababu hapa kutengeneza njia ya miguu mbele ya kiwanja ni mzigo wa mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja hatembei.

Hata ukifika kwenye taa hujapona. Sheria inamruhusu dereva kukata kulia taa ikiwa nyekundu, ruhusa iliyoenea miaka ya 1970 ili kuokoa petroli. Dereva anaangalia kushoto kama kuna gari linakuja. Wewe unatokea kulia kwake, una haki ya kuvuka, na yeye hajageuza shingo kabisa.

Mama yangu amekuja kutusaidia kulea mtoto. Ni mwanamke wa Tanga. Maisha yake yote akiamka anakwenda sokoni Mgandini kwa miguu, anapita kumjulia hali mgonjwa, anarudi na samaki na habari za mtaa mzima. Hapa anakaa dirishani mpaka nitoke kazini ndipo nimpeleke akachague vitunguu mwenyewe. Miguu imeanza kuvimba. Daktari akamwambia, mama, tembea nusu saa kila siku. Atembee wapi? Anazunguka maegesho ya magari, katikati ya magari yanayorudi nyuma, na watu wanasimama kumwuliza kama amepotea. Mwanamke aliyelea watoto na kuzika wazee anaulizwa kama amepotea kwa kuwa tu yuko kwa miguu! Siku hizi amekwisha acha kutoka. Anasema, "Mwanangu, nirudishe kwetu," na mimi sina la kumjibu.

Na ninyi mnajua si mama yangu peke yake. Kuna wakimbizi waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma wakaletwa hapa, msaada wa kuanzia ulikuwa wa miezi mitatu tu, na kazi aliyotafutiwa mtu ilikuwa kwenye ghala ambako usiku basi halifiki. Akaanza maisha kwa deni la gari bovu na bima yake kabla hajajua hata jina la mtaa anaoishi.

Sasa wale wa "Marekani ni nchi kubwa mkuu, lazima gari." Acheni! Kwenda dukani si safari ya Texas mpaka California. Houston hii ilikuwa na tramu za umeme hadi 1940. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akasaini sheria ya barabara kuu, serikali kuu ikabeba asilimia 90 ya gharama, na barabara hizo zikapitishwa katikati ya mitaa ya watu weusi: Rondo kule St. Paul, Overtown kule Miami, Fifth Ward hapa hapa Houston. Barabara kuu ya Katy, hapa Houston, ilipanuliwa ikamalizika 2008, kuna sehemu ina njia 26 ukihesabu na zile za pembeni, na foleni zikarudi. Hawakujifunza. Upanuzi wa barabara kuu nyingine ya hapa, I-45, unaoendelea sasa unaondoa zaidi ya nyumba 1,000.

Na sheria ya maegesho ndiyo inayonichemsha kabisa. Wapiga kura wa Houston wamekataa mpango wa kugawa jiji kwa matumizi, yaani huku makazi tu, kule biashara tu, mwaka 1948, 1962 na 1993, wanajisifu kwamba hapa mtu hujenga atakavyo. Lakini ukitoa katikati ya jiji na mitaa michache jirani, ukijenga unalazimishwa kutenga maegesho. Hata baa inalazimishwa, yaani sheria inataka walevi waje na magari. Ndiyo maana hakuna genge wala kiduka cha kona: kila duka limezungukwa na uwanja wa lami.

Watu wanakufa wakuu. Mwaka 2009 waliogongwa na magari wakitembea wakafa Marekani nzima walikuwa 4,109. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 7,500. Kule Georgia, 2010, mama mmoja alishuka kwenye basi na watoto wake, nyumba yao ikiwa ng'ambo ya barabara mbele ya kituo. Wakavuka pale pale, mwanawe wa miaka minne akagongwa akafa. Dereva alikiri alikuwa amekunywa. Aliyetiwa hatiani kwa kifo cha mtoto, 2011, ni mama! Kosa lake kutotembea hadi kivuko cha mbali usiku akiwa na watoto. Aliyeweka kituo cha basi mahali pasipo na kivuko hakushtakiwa.

Najua mtasema New York, Boston, Chicago. Sawa, huko watu wanatembea, na New York zaidi ya nusu ya kaya hazina gari. Kodi ya nyumba huko mnaijua. Austin, Texas hii hii, walifuta sharti la maegesho 2023, kwa hiyo msiseme haiwezekani.

Wenye uraia, mnakwenda kupiga kura ya rais halafu vikao vya halmashauri ya jiji, ambako mambo ya njia za miguu yanaamuliwa, hamuonekani. Nendeni, mkaseme habari za wazazi wenu.

Na walioko Columbus, Minneapolis, Dallas, popote: nitajieni mtaa ambao mzee anatoka nyumbani kwa miguu, anafika sokoni, msikitini au kanisani, anarudi salama, na kodi yake mtu wa kawaida anaiweza. Mkataba wangu wa nyumba unaisha mwezi wa nane.