Michezo ya masimulizi ya mezani, mbali na Dungeons & Dragons: ipi inatufaa tulio Ulaya?

Kutoka Hannover

Ndugu zangu, salaam nyingi. Binti yangu wa miaka 14 amealikwa na wanafunzi wenzake kujiunga na kundi linalocheza ile michezo ambayo kila mmoja hushika nafasi ya mhusika na mmoja wao husimulia yanayotokea. Nilidhani ni Dungeons & Dragons, ambao hata mimi nimeusikia, lakini anasema wao wanacheza mwingine wa Kijerumani. Naomba mwenye uzoefu anieleze ni michezo gani mingine iliyopo, ni ipi inamfaa mtu ambaye Kijerumani chake bado hakijakomaa, na kama kuna jambo la kutazama kabla sijatoa ruhusa na fedha.

Kutoka Leipzig

Kaka, salaam zimefika. Yumkini wanacheza Das Schwarze Auge, ulioanzishwa na Ulrich Kiesow mwaka 1984, miaka kumi baada ya ule wa Wamarekani. Ushauri wangu ni kwamba anayeishi Ujerumani aanze na huo. Wachezaji wengi wa hapa wamekua nao, wanalifahamu bara lake la kubuni liitwalo Aventurien pamoja na miji na falme zake, na mgeni akiketi mezani hakosi mtu wa kumweleza kwa hiari. Mimi Kijerumani cha kujadiliana, yaani cha kumkatiza mtu kwa adabu na kumshawishi msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia, afikirie upya uamuzi wake, nilikipata kwenye meza hiyo kuliko darasani.

Kanuni zake ni nzito, na ni vizuri binti alijue hilo mapema. Chukua mfano wa mhusika anayetaka kuparamia ukuta wa ngome. Ujuzi huo unategemea sifa tatu, ambazo ni ujasiri, wepesi na nguvu, kwa hiyo mchezaji hurusha dadu tatu za pande 20, na kila dadu inatakiwa isizidi namba ya sifa yake. Tuseme ujasiri wake ni 13, wepesi 12 na nguvu 11, kisha dadu zikaonyesha 9, 15 na 11. Wepesi umezidiwa kwa 3. Mwenye alama 5 za ujuzi wa kuparamia atakatwa 3 kufidia pengo hilo, atabakiwa na 2 na atafika juu. Mwenye alama 2 tu hatafika. Hesabu hii inachosha katika vikao vya mwanzo, lakini naipenda kwa sababu inampa haki yake mtu aliyejifunza kazi, hata kama si mwenye misuli.

Vitabu usinunue sasa. Kitabu kimoja cha kanuni kinaitosha meza nzima, na binti atahitaji karatasi ya mhusika, penseli na dadu zake mwenyewe. Maduka mengi ya michezo yana meza za kuchezea, na kila Oktoba yapo maonyesho ya michezo ya mezani yaitwayo SPIEL mjini Essen, ambako mtu anaweza kuketi na kujaribu mchezo kabla ya kuununua.

Kutoka Uppsala

Naafiki kwamba mtu aanze na mchezo wa nchi anayoishi. Huku Uswidi ni Drakar och Demoner, uliotoka mwaka 1982. Toleo jipya la kampuni ya Fria Ligan lilitoka mwaka 2023, na kwa Kiingereza linaitwa Dragonbane. Kwa familia inayocheza kwa Kiswahili nyumbani sijaona wa kuushinda, kwa kuwa kanuni zake ni chache na msimamizi anaweza kusimulia bila kufungua kitabu kila mara. Unarusha dadu moja ya pande 20, na ukipata namba isiyozidi ujuzi wako, umefaulu. Namba 1 huitwa joka, nayo ni ushindi mkubwa. 20 huitwa pepo, nayo ni balaa.

Uzuri wake unaonekana zaidi katika mapigano. Zimwi halikosei shabaha hata siku moja: msimamizi hurusha dadu ya pande 6 ili kujua tu ni shambulio gani linalokuja. Mchezaji anayetaka kulikwepa lazima atoe nafasi yake ya kutenda katika raundi hiyo, hivyo aliyekwisha kupiga hana tena la kujikingia. Kila raundi watu huvuta kadi za namba 1 hadi 10 kupanga zamu, na mtu anaweza kubadilishana kadi na wa nyuma yake ili asubiri. Wanangu, ambao kwa kawaida hawaelewani hata juu ya kiti cha mbele cha gari, hapo hupanga pamoja nani alivute zimwi na nani abaki kulipiga.

Kuhusu ulinzi wa mzazi, majina kama pepo na uchawi humsumbua mtu mwenye imani yake, nami naliheshimu hilo. Das Schwarze Auge una miungu 12 wanaoabudiwa na wahusika, na ni bora kulizungumza na mtoto waziwazi kabla hajaanza. Mwenye watoto wadogo autazame Mausritter wa Isaac Williams, ambao faili lake hupatikana bure. Wachezaji ni panya wadogo katika dunia kubwa, mizigo yao ni vipande vya karatasi vinavyopangwa katika visanduku, na hata njaa hukalia kisanduku kimoja, hivyo mwenye njaa hubeba vichache.

Kutoka Manchester

Naongeza kwa ajili ya tunaofanya kazi za zamu, ambao ratiba zetu haziruhusu kundi. Ironsworn wa Shawn Tomkin, wa mwaka 2018, hutolewa bure na unaweza kuchezwa na mtu mmoja bila msimamizi: mhusika hula kiapo, na safari yote ni ya kukitimiza. Mwenye kundi linalopenda kanuni nyingi atazame Pathfinder, ambao kanuni zake zote zimewekwa bure na kihalali kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Kitabu chake cha mwaka 2021, The Mwangi Expanse, kina chuo cha uchawi cha Magaambya, na vijana wetu huko hukuta mashujaa weusi katikati ya hadithi.

Kutoka Hannover

Nawashukuru sana. Nimemruhusu. Anauliza aanze na mhusika wa aina gani.

Kutoka Leipzig

Achague mwindaji au mpiganaji. Uchawi katika Das Schwarze Auge una kanuni zake za ziada, na atakayezisoma kwa Kijerumani kigumu huku wenzake wanamsubiri hatafurahia kikao. Akishazoea, mhusika wa pili awe mchawi akipenda.