Nairudia The Wire, hivi ni mimi tu au Omar sio tena namba moja?

mkesha_hoi
Wakuu habari zenu. Nimeianza The Wire upya, ile tamthilia ya Kimarekani ya polisi na wauza unga wa Baltimore. Mara ya kwanza niliiangalia kwa pupa kama mtu anayekimbizwa, sizoni tano, episodi 60, nikamaliza na kichwani akabaki Omar tu, yule mwamba anayewaibia wauza unga, mwenye kovu usoni na shotigani ndani ya koti, akipiga mluzi mtaa mzima unakimbia. Sasa naenda taratibu na cha ajabu moyo wote umehamia kwa Bubbles. Teja! Mtu niliyekuwa namuona wa kuchekesha tu. Ile siku anapita kijiweni anauza kofia, anayetakiwa na polisi anamvalisha nyekundu huku anapiga naye stori kama kawaida, kumbe Kima, yule dada mpelelezi, yuko juu ya paa anapiga picha, aisee jamaa kwa akili ile anawazidi nusu ya wale wenye beji. Nimerudisha nyuma mara tatu kuangalia mikono yake tu.
Nyie mliorudia mlimuona nani upya? (Spoila ruksa, ishapita miaka mingi tangu iishe 2008)

Mama Rimoti
Wallace, yule dogo anayeuza unga kijiweni. Mara ya kwanza hata sikushtuka kwamba ni Michael B. Jordan, alikuwa kadogo! Asubuhi anawaamsha wale watoto kwenye jumba bovu, anawagawia chipsi na juisi za boksi waende shule, naye mwenyewe bado mtoto. Halafu kuna kale kanakoshindwa hesabu ya kitabuni, ya basi na abiria, lakini ukikauliza hesabu ya unga kanajibu palepale kwa sababu ya unga ukikosea unapigwa. Zamani nilicheka hapo. Juzi nilizima tivii nikaenda kulala.

Kete Nyeusi
Bodie wangu mimi, yule kijana muuza unga wa kijiweni. Kumbukeni wakina Bodie wanacheza drafti kwa kete za chesi, D'Angelo, bosi wao wa kijiweni, anakuja anawafundisha kwamba mfalme anabaki mfalme na vile viaskari vya mbele ndio vinaondoka mapema, Bodie anabisha, kwamba askari akiwa mjanja je? Sasa ukiwa unarudia unajua kabisa sizoni ya nne mwishoni anakaa na yule mpelelezi McNulty anajifananisha na viaskari hivyohivyo, na usiku wake anagoma kuukimbia ule ukona wake. Wakati naangalia mara ya kwanza nilishasahau kabisa kama kulikuwa na chesi.

jino_la_pembe
Mnamshusha Omar bure. Nendeni sizoni ya tatu, baada ya yale majibizano ya risasi, kuna watoto wanacheza mtaani wanaigiza tukio, kamoja kanang'ang'ania kwamba sasa ni zamu yake kuwa Omar. Kaangalieni usoni vizuri halafu mrudi sizoni ya tano pale dukani Omar ananunua sigara. Sisemi zaidi.
Ila sizoni ya pili ya bandarini mimi naruka, mnisamehe.

Mama Rimoti
Unaruka bandari?? Mkuu unamruka Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa bandarini! Yule mzee anaiba kontena sio ajenge jumba, anataka meli zirudi vijana wake wapate kazi, na kila anavyojitahidi ndio anazama. Mimi mara ya kwanza ilinichosha hivyohivyo, ya pili nikaona ndio sizoni inayoniuma kuliko zote.

Kete Nyeusi
@jino_la_pembe nenda karudie. Halafu tusisahau Stringer, bosi wa wauza unga, mtu anasoma uchumi chuoni usiku kisha anaendesha kikao cha wauza unga kwa kanuni za mikutano ya waheshimiwa, na kijana wake anaandika mihutasari kabisaaa, Stringer anainyang'anya kwa hasira kwamba unawekaje uhalifu kwenye maandishi. Nacheka kila mara. Na Idris Elba anayemuigiza ni Muingereza, na anayemuigiza McNulty naye pia Muingereza, mimi nilikuja kujua baadaye nikajiona mjinga.

mpita_kando
Kinachofanya hawa watu waonekane wa kweli ni walioandika. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu hapohapo Baltimore, mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa mauaji halafu akawa mwalimu, ndio maana Prez, yule polisi aliyegeuka mwalimu, akiingia darasani sizoni ya nne unaona kabisa huyu aliyeandika ameshasimama mbele ya watoto wa hivyo. Na tuzo ya Emmy hata moja haikupata, shenzi kabisa.

mkesha_hoi
Dah mmenimaliza. Bandari nimeivuka jana na @Mama Rimoti una haki zako zote. Niko sizoni ya nne sasa, Prez ameanza kumsaidia mwanafunzi wake Dukie kufua nguo na kuoga shuleni kabla wenzake hawajafika, dogo anatabasamu kwa aibu anaangalia chini. Na mimi najua mwisho wa sizoni ya tano atakuja kumuomba nani hela, na za nini. Bubbles anapandishwa ngazi kutoka beismenti anakaa mezani na dada yake, na Dukie ndio anaanza kushuka. Episodi inayofuata iko tayari tangu saa mbili, sijabonyeza.