Mjadala: Vinyozi wa Kampala walazimishwe kubadili wembe kwa kila mteja?

Mkazi wa Nakawa: Natoa hoja. Iwe sheria: kabla kinyozi hajagusa ndevu au kuchonga laini, afungue wembe mpya mbele ya mteja. Virusi vya homa ya ini aina B hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kama damu imekauka na haionekani. Na kile kisanduku cha taa ya buluu cha kuulia vijidudu hakitoshi. Mwanga wake huua pale unapofika tu. Chini ya mafuta na vipande vya nywele haufiki. Mnasemaje?

Fundi Mashine: Mteja analia bei, nyinyi mnamwongezea kinyozi mzigo. Wembe unanyoa hata watu kumi. Ndevu ni nywele tu, zitafanya nini chuma?

Makali: Hapo unapotosha watu, fundi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani walikata nywele kwa wembe chini ya darubini ya elektroni. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele mara 50 hivi, na bado makali yalimeguka! Unywele unapinda, unaukandamiza wembe kwa pembeni, na pale chuma kisipolingana kipande kinabanduka. Ndiyo maana wembe wa mteja wa nne unavuta badala ya kukata.

Fundi Mashine: Hao MIT hawajanyoa mtu Kisenyi. Na kunyoanyoa kwenyewe ndiko kunakofanya ndevu ziwe nene.

Nesi wa Jinja: Kaka, hilo lilipimwa tangu 1928, mtafiti Mildred Trotter akakuta kunyoa hakubadili unene wala kasi ya kuota. Ncha iliyokatwa ni butu, ndiyo maana unaisikia ngumu mkononi. Nendeni kwenye vipele, hivyo ndivyo vinavyotesa wanaume wetu. Wembe wa makali matatu au matano huvuta unywele juu, huukata, kisha kisiki kinarudi chini ya ngozi. Ndevu zetu zimejikunja, kwa hiyo ncha inatoboa ngozi kutokea ndani. Tumia makali mamoja, lowesha kwa maji ya uvuguvugu dakika 2 au 3, fuata unakoelekea unywele, usivute ngozi. Ukiwa na vipele tayari, acha wembe kabisa. Tumia mashine, bakiza milimita 1.

Mzee wa Mbale: Wanangu, wembe wa kutupa ulianza vitani 1918, jeshi la Marekani.

Makali: Shikamoo mzee. Vitani ulienea tu. Gillette, Mmarekani aliyeubuni, alianza kuuza 1903, na mwaka huo viliondoka vishikio 51 na nyembe 168. Tangu mwanzo uliundwa utumike, utupwe. Sisi ndio tunaulazimisha uzeeke.

Mkazi wa Nakawa: Jamani, hoja yangu ilikuwa sheria!

Nesi wa Jinja: Na gharama ina dawa. Ule wembe wa makali mawili usiutoe kwenye karatasi yake. Ukunje kwa urefu, uvunje katikati, nusu moja iingie kwenye kishikio. Wembe mmoja, wateja wawili, kila mmoja na makali yake. Zilizotumika ziingie kwenye kopo lenye mfuniko, si kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Anayebeba taka naye ana mikono.

Fundi Mashine: Nusu wembe nakubali. Mashine je, nayo tuivunje nusu?

Makali: Zima mashine kwanza, piga brashi, fungua skrubu mbili, toa nywele zilizojibana kati ya meno. Futa kwa spiriti ya asilimia 70, acha ikauke yenyewe, kisha mafuta matone 2. Jiki usitie, inakula chuma. Kuwasha moto juu ya meno hakufiki katikati. Unapofunga, meno yanayocheza yakae nyuma kidogo ya yale yaliyotulia. Yakilingana au kupita mbele, chogo linatoka damu, na hapo mteja anayefuata ndiye anayelipa.

Fundi Mashine: Kila kichwa nifungue skrubu? Jumamosi foleni iko hadi nje!

Nesi wa Jinja: Basi nunua meno ya pili, ubadilishane. Foleni haiui virusi.